Pweza wa Ukutani

Mtungi wa gesi haugongi hodi. Mtungi wa gesi unakaa pale ulipowekwa, unaisha siku ambayo una wageni, na basi. Lakini siku ile, saa sita mchana, mama mkwe wa Mapovu akiwa peke yake jikoni na kitunguu mkononi, mtungi uligonga. Ngo, ngo, ngo. Chuma kwa chuma, taratibu, kama mtu anayeita na hana haraka.

Mama mkwe akauinamia, akaushika. Ulikuwa wa baridi na umelowa. Akanusa vidole vyake. Vilinuka majani ya bahari yaliyoachwa juani yakaoza. Na bahari yenyewe, kutoka nyumba ile, ni kutwa nzima ndani ya basi, hapo basi lisiharibike njiani.

Akapaza sauti kumwuliza mkwewe kama ndiye anayemchezea. Mkwe akajibu kutoka uani kwamba yeye anasuuza kamera. Mama akaufuta mtungi kwa kitambaa, akaendelea na kitunguu chake. Ni mwanamke aliyewahi kumkimbiza mwizi na mwiko, hakuwa wa kutishwa na chombo cha jikoni.

Mkwe huyu jina lake halisi mtaa ulikuwa umeshalisahau. Waliomwita Mapovu hawakukosea, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuzamia na mtungi wa hewa mgongoni ili apige picha za viumbe wa chini, na mtu akishazama hivyo kinachobaki juu ya maji ni mapovu tu. Alizama bahari za baridi akapiga picha sili chini ya barafu. Alizama bahari za joto akapiga kasa, nyangumi, na papa mwenye mdomo mpana kama mlango wa gereji. Anaondoka na mabegi manne, anarudi na mabegi manne na masikio yanayomuuma. Sebuleni kwake mgeni anakunywa chai huku papa anamkodolea kisogo.

Mkewe alikuwa fundi wa nguo, cherehani yake ikikaa chumba cha mbele, na tumbo lake lilikuwa la miezi minane. Hilo tumbo ndilo lililokuwa kila kitu katika nyumba ile. Mimba mbili zilishatoka, moja ya miezi mitatu, nyingine ya mitano, na hii ya tatu ilipofika wa nane walikuwa hawajanunua hata soksi, kwa hofu. Majirani waliliona wakanyamaza, na majirani wale kunyamaza si kawaida yao. Mama mkwe alihamia pale kwa ajili hiyo tu: binti asiinue ndoo, asipande ngazi, asikasirishwe.

Sasa, mwezi mmoja kabla ya mtungi kugonga, Mapovu alikuwa amerudi na picha ya pweza. Picha hiyo ilishinda shindano la dunia nzima, akaichapisha kubwa kama mlango na kuitundika ukutani mkabala na chumba cha cherehani. Ilikuwa ni pweza jike mdomoni mwa pango, mikono yote minane ameitandaza, na nyuma yake, juu ya dari ya pango, mayai yake yananing'inia kama vishada vya zabibu nyeupe, yamemulikwa yanang'aa. Jicho lake moja lilikuwa linakutazama wewe.

Watu walimwuliza aliipataje. Akawaambia alimsubiri siku tatu. Siku tatu anashuka, anakaa mbali, hagusi kitu, mpaka mama yule akamzoea akatandaza mikono kwa hiari yake. Wanawake wawili walifuta machozi. Hakuna aliyemwuliza ile fimbo ya chuma, ya urefu wa mkono hadi kiwiko, iliyotundikwa uani kwenye msumari, ni ya kazi gani.

Ni ya kuitana. Chini ya maji hakuna kuitana kwa jina, kwa hiyo mzamiaji akiona kitu anagonga mtungi wake kwa fimbo ile. Ngo, ngo, ngo. Maana yake, njoo, nimepata kitu.

Ndiyo maana kesho yake mtungi wa gesi ulipogonga tena, Mapovu akiwa hapo jikoni anatafuta kijiko, kijiko kilimponyoka. Mama mkwe akamtazama. Akamwuliza kama naye amesikia. Mapovu akasema ni mabomba. Mama akamwambia, baba, mimi nimeishi na mabomba miaka sitini, hayajawahi kunihesabia moja mbili tatu.

Siku hiyohiyo, saa nane mchana, jua limejaa jikoni, mama mkwe alikuwa anaosha vyombo. Sinki lilikuwa limeziba, maji yamesimama na povu juu yake, naye akaingiza mkono azibue kwa vidole kama alivyozoea, na kitu kilichokuwa ndani ya tundu lile, tundu ambalo hata limau halipiti, kikamshika kidole, kikamshika kiganja, kikapanda kifundoni kikijizungusha laini na baridi kama utumbo, kisha kikavuta. Kilimvuta hadi uso wake ukabamizwa kwenye bomba na meno mawili yakaruka, kikavuta tena hadi bega likaacha mahali pake kwa mlio kama kuni kavu, naye akawa ananing'inia pale mdomo umejaa damu na sabuni, hawezi kupiga kelele kwa sababu uso umezama, anapiga kabati kwa goti tu. Binti yake alisikia lile goti. Alipofika, maji yalikuwa yameshuka yote na mama yuko chini. Kuanzia kiganjani hadi kwapani alikuwa na alama za duara, nyekundu, mbilimbili, zimepangwa safi kama vifungo vya shati.

Daktari aliyerudisha bega alisema hajui ni nini. Mapovu alizijua alama zile kabla hajaiketia hiyo benchi ya hospitali.

Jioni yake, kabla jua halijazama, alimwita Chumvi. Huyu Chumvi ndiye mwenzake wa kuzama, jamaa mnene wa kilo tisini na tano, mwenye utani na kila mtu. Hata mama mkwe alimpenda, na mama mkwe hapendi watu wanaomaliza mboga. Siku hiyo Chumvi hakutania. Walisimama uani kando ya pipa la kusuuzia kamera, pipa la plastiki la bluu ambalo mtoto wa miaka kumi akiingia magoti yatabaki nje. Mama mkwe alikuwa nyuma ya dirisha na mkono wake kwenye kitambaa cha shingo. Hakuwa anasikiliza, alikuwa anapunga hewa. Ila alisikia yote.

"Nakuambia tuseme," Chumvi alinong'ona. "Tuwaandikie wale wa shindano, tuseme tulivyofanya. Mimi tangu tutoke pale sijalala vizuri, kaka. Nikifumba macho nawaona wale samaki."

"Nikisema, sina kazi tena. Hakuna atakayenichukua hata kumpiga picha kuku."

"Shemeji ana tumbo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo unaelewa ninachosema. Usinifanye nilitamke."

Mapovu akamwambia apunguze sauti. Akamwambia alama zile ni mzio wa sabuni. Akaingia ndani kumchukulia maji ya kunywa, maana Chumvi aliyaomba, na alichukua muda wa kufungua friji na kujaza glasi moja, si zaidi. Mama mkwe dirishani aligeuza kichwa kumwangalia mkwewe akipita. Ngo, ngo, ngo, ikasikika uani. Alipogeuka tena, Chumvi hayupo.

Pipa lilikuwa linatikisika.

Mapovu alitoka na glasi yake, akaliona pipa linayumba huku na huku, maji yanamwagika mekundu, na ndani yake Chumvi mzima, kilo zote tisini na tano, anashindiliwa chini na kitu kisichoonekana kama mtu anavyoshindilia nguo chafu kwenye mfuko, paja likivunjika na kukunjwa, kisha la pili, kisha mbavu moja baada ya nyingine kwa mlio wa biskuti, mabega yakikutana mbele ya kidevu, na uso wake bado uko juu, bado unaona, unamtazama mwenzake na kufungua mdomo kila mfupa ulipokatika bila sauti kutoka, kwa kuwa kifua cha kutolea sauti kilikuwa hakipo tena. Mapovu alimshika nywele akavuta. Nywele zilibaki mkononi. Kichwa kikaenda chini, maji yakafunga juu yake, likapanda povu moja kubwa likapasuka. Fimbo ya chuma ilikuwa imesimama wima katikati ya pipa, na haikuwa imesimama kwenye maji.

Askari waliandika kwamba aliteleza akaangukia ndani. Haya. Iliwabidi wapasue pipa kwa msumeno ili wamtoe huyo aliyeteleza.

Mapovu hakuandika barua. Hilo liwekwe wazi, kwa kuwa baadaye wako waliosema alikuwa mtu mwema. Alimzika mwenzake, akaiosha fimbo, akaitupa jalalani mtaa wa tatu, akapanda pikipiki kurudi nyumbani, na fimbo aliikuta kwenye msumari inadondosha maji.

Siku ya nne baada ya mazishi, saa nne asubuhi, mkewe alikuwa anashona suruali ya mteja. Cherehani ikasimama. Mama mkwe, aliyekuwa anachagua mchele kwa mkono mmoja, akasikia harufu ile ya majani ya bahari, nzito kiasi cha kuumiza meno, akainua macho. Binti yake alikuwa ameigeukia picha ukutani. Pangoni kwenye picha hamkuwa na pweza. Kulikuwa na giza, na yale mayai.

"Mama," binti akasema kwa sauti yake mwenyewe, ndogo, "kuna mtu anataka nimpishe."

Halafu shingo yake ikalegea, kichwa kikalala begani, na kilipoinuka macho yalikuwa ya manjano, mboni zimelala mlalo kama tundu la kifungo.

Mama mkwe hakupiga yowe. Alipiga simu. Alimpigia mkunga.

Mkunga huyu alikuwa amestaafu, ila nusu ya mtaa imepita mikononi mwake, na waliosalia wanajua kazi yake nyingine. Alikuwa anatoa kilicho ndani ya mtu. Kiwe mtoto, kiwe kingine. Alikuja na mkoba wake uleule wa uzazi, glovu na mkasi na kila kitu, akavua viatu mlangoni, akamwambia mama mkwe, mwenzangu, funga dirisha, na huyo mwanaume aingie ndani. Mapovu alikuwa amejificha chooni. Alitolewa.

Mkunga hakupata hata kukaa. Mwanamke mwenye mimba ya miezi minane, ambaye jana alikuwa anashikwa mkono kushuka ngazi moja, aliinuka akamnyanyua mkunga kwa koo akamtupa kwenye kabati la vyombo, na kabla vioo havijamaliza kuanguka fimbo ilikuwa mkononi mwake, hakuna aliyeiona ikiingia, akamgeukia mumewe na kumpiga nayo mdomoni, akampiga gotini hadi goti likageukia nyuma, kisha akaacha kupiga akaanza kuchokonoa, ncha ya chuma ndani ya sikio, kwenye jicho, katikati ya mbavu, polepole, kwa ustadi, kama mtu anayejua kabisa kwamba kiumbe akichokonolewa vya kutosha atatoka alipojificha.

Mkunga akainuka, damu inamchuruzika nyusini. Akauliza kwa adabu anaongea na nani.

Sauti iliyojibu ilikuwa na maji ndani yake. "Walikuwa elfu arobaini," ikasema. "Nimewapulizia maji safi siku thelathini na saba. Sikula. Kaa alipita mbele yangu sikumtazama. Zilikuwa zimebaki siku mbili waanguliwe. Akaja huyu na taa zake."

Mkunga akamwuliza Mapovu kama ni kweli. Mapovu alikuwa chini, mdomo umepasuka. Akatikisa kichwa kukataa. Ncha ya fimbo ikaingia ubavuni mwake inchi moja.

"Sema mbele ya mkeo," mkunga akasema taratibu. "Yumo humo ndani, anasikia."

Basi akasema. Hakukuwa na siku tatu. Hewa ilikuwa imebaki ya dakika kumi na mbili, picha hana, na pweza amejibana ndani kayafunika mayai. Akamchokonoa kwa fimbo. Pweza akaishika fimbo akaisukuma. Akamchokonoa tena, chuma kikapita kwenye mkono wake mmoja, akamvuta nacho nje hatua mbili, na hapo ndipo alipotandaza mikono, kwa maumivu. Chumvi akamulika mayai kwa nyuma. Picha moja tu, ilitosha. Walipokuwa wanapanda juu aliangalia chini, akaona samaki wadogo wa njano wameingia pangoni kwa mamia, na yule mama kwa mikono saba anajaribu kuwafukuza.

Chozi likashuka kutoka jicho la manjano, na mama mkwe alijua lile chozi halikuwa la pweza. Lilikuwa la binti yake, aliyepoteza wawili.

Mkunga akauliza kinatakiwa nini.

"Huyu wa ndani," sauti ikasema, na mkono ukalikamata tumbo kwa kucha hadi damu ikapenya gauni. "Nampeleka pangoni."

Mkunga alifikiri kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Alikuwa mwanamke wa mapatano, maisha yake yote amepatana na vitu visivyotaka kutoka. Akasema mtoto mmoja hawezi kulipia elfu arobaini, na kumchukua ni hasara kwa pande zote. Achukue mlinzi kwa mlinzi. Mwanaume huyu akae mlangoni mwa chumba cha mkewe kama yeye alivyokaa mlangoni mwa pango. Asile. Asilale. Asisogee. Ampulizie mtoto hadi azaliwe.

"Akisogea?"

"Akisogea shubiri moja, mtoto ni wako."

"Na mimi nitamchokonoa."

"Mchokonoe. Lakini huyu mwanamke utamtoka?"

"Huyu mwanamke nitamtoka."

Mkunga akaridhika. Alikuwa amechoka, kichwa kimepasuka, na hakuuliza akishamtoka atakwenda wapi.

Mapovu akaburutwa na goti lake hadi kizingitini. Mkewe akalazwa kitandani ndani ya chumba, macho yamerudi kuwa yake. Aligeukia ukuta.

Yaliyofuata mama mkwe aliyaona kwa macho, na hakuna mtu aliyeyaona zaidi yake. Siku za mwanzo mwanaume alikuwa ananywa maji kwa kikombe, anageuza shingo, anapuliza kuelekea kitandani, fuu, fuu, kisha anatazama nje. Siku ya sita akaanza kupigana. Mama mkwe hakuona anapigana na nani. Aliona tu mikono yake inafukuza kitu hewani saa saba za mchana, ananong'ona kwamba ni wa njano, wanaingia, mama, wanaingia kwa dirisha, kisha kipande cha sikio lake kikaondoka peke yake, kidogo, ukubwa wa punje, kisha kingine, na vidole vyake vikaanza kupungua nyama kwa midomo isiyoonekana, naye anawatandazia mwili wote mlango mzima ili wamle yeye wasipite, na wakati huohuo fimbo ikitoka msumarini ikija yenyewe kupitia ukumbini, ikigonga mtungi wa gesi inapopita, ngo, ngo, ngo, ikilitafuta tundu lilelile la ubavuni na kuingia na kuzunguka, naye anauma kizingiti kwa meno, anatoa kinyesi, analia kama mtoto, ila hasogei.

Siku ya kumi na tisa walikuja wale wa shindano. Wawili, wamevaa vizuri, wana kikombe cha ushindi na kamera ya kumrekodi. Walitaka atoke mlangoni aje sebuleni dakika moja, penye mwanga, asimame karibu na picha yake. Alitamani kwenda, mama mkwe aliliona hilo usoni mwake, hata mguu mzima ulitikisika. Akawaambia akiwa palepale:

"Nilimtoa kwa fimbo. Mayai yaliliwa yote. Rudini na kikombe chenu."

Walirudi nacho. Mmoja alikanyaga kipande cha sikio akidhani ni bisi.

Siku hiyo mkewe aligeuka kutoka ukutani. Alinyoosha mguu wake uliovimba kutoka kitandani, chumba kilikuwa kidogo, akaukandamiza unyayo mgongoni mwa mumewe, akauacha pale. Kuanzia hapo alilala hivyo kila siku, na Mapovu alipuliza.

Uchungu ulianza siku ya thelathini na nne, asubuhi na mapema. Mkunga akamruka mlinzi pale kizingitini kuingia. Hakumtambua. Ngozi ilikuwa ya kijivu na inateleza, macho yamezama, mikono ni mifupa iliyovishwa soksi. Saa tano kasorobo mtoto alitoka, wa kike, analia kwa sauti mpaka mtaa wa pili ukasikia. Mapovu aliposikia kile kilio aligeuza shingo, akapuliza mara moja ya mwisho, fuu, ndefu, mpaka hewa yote ikaisha, na hakuivuta nyingine.

Mtungi haukugonga. Fimbo ilikutwa imepinda kama pini, imejaa kutu. Kwenye picha pango lilikuwa tupu, hata mayai hamna, na uvundo ulikuwa umetoka ndani ya nyumba. Mkunga akasema amekwenda kwao. Akanawa mikono, akanywa chai vikombe viwili, akaenda zake akiwa ameridhika na kazi.

Alasiri, waombolezaji wakiwa wamejaa sebuleni, mama mkwe alimpeleka mjukuu uani kumwogesha. Alitumia beseni la plastiki, lile jekundu lenye maua meupe chini, alilomwogeshea hata binti yake. Akamlaza majini. Mtoto akanyamaza. Akatulia, akakunjua mikono na miguu, na rangi ikamtoka miguuni kama mtu anayevuliwa nguo, ikaja nyekundu badala yake, nyekundu ileile ya plastiki, ikapanda mapajani, ikapita tumboni, ikafika usoni, kisha kifuani likachomoza ua jeupe, na jingine begani, na jingine kwenye shavu, mpaka bibi akawa anatazama beseni lenye maji na macho mawili.

Alimtoa. Akamfunga taulo la kijani haraka, kabla taulo nalo halijamwingia. Aliporudi chumbani binti yake, macho yamevimba kwa kilio, akanyoosha mikono kumpokea.

"Mama, amefanana na nani?"

Bibi aliutazama ule uso mdogo, kijani kinaanza kupanda kidevuni. Akavuta taulo juu kidogo.

"Na baba yake," akasema. "Mpaka pumzi."

Mtoto yule sasa ana miaka minne. Anaogeshwa na bibi yake peke yake, mlango umefungwa, na ukiuliza sababu utaambiwa ana mafua. Mama yake hajawahi kumpiga picha hata moja. Ni mtoto mtulivu, hasumbui. Tatizo lake ni moja tu, vijiko: akipata kijiko anakwenda nacho jikoni, anachuchumaa mbele ya mtungi wa gesi, anagonga mara tatu, kisha anakaa kusubiri aje nani.